Goli Lililoshangiliwa Mara Mbili

Mimi mpira siujui, wala sikuwahi kutaka kuujua. Niliseme hilo mapema, asije mtu akaniuliza nani alicheza beki na nani alicheza nini. Mimi ni fundi cherehani. Wanaume wazima wakifukuzana juani na kaptula zilizoshonwa ovyo, mimi naziona kaptula.

Lakini ndoa yangu tuliolewa wawili, mimi na mpira. Baba Pacha, mume wangu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na tangu tuko wachumba Jumamosi yake ilikuwa ya timu. Hata pacha wetu walipozaliwa alikuja hospitali sauti imekauka kabisa, anawanong'oneza watoto kama mwizi. Nikamwambia, sauti umewaachia wanaume wenzako, sisi umetuletea koo tupu. Akacheka bila sauti.

Macho yakaanza kumwondoka taratibu. Miaka yote ile ya kuchomelea, miwani ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso, ati inamletea joto. Nilisema mpaka nikachoka kusema. Sasa anapata mwanga na vivuli, basi. Karakana aliifunga. Njiani anashika bega langu, na watu wanamsalimia kwa kupiga kelele utafikiri kilichoharibika ni masikio. Hilo lilimuudhi kuliko giza lenyewe.

Mahali palipobaki ni uwanjani. Uwanja wetu uko nyuma ya mtaa, una jukwaa moja la saruji na ukuta umeuzunguka. Nilikuwa namfikisha getini, mdogo wangu wa kiume anampokea, wanakaa pamoja, mimi narudi kwenye cherehani yangu. Siku moja nikamuuliza anafuata nini kule. Akanuna.

"Usidhani nakaa pale kama gunia," alisema. "Jukwaa likijaa, mpira najua uko wapi. Ukipita pembeni, watu wa upande ule ndio wanaoanza kunyanyuka, halafu sauti inatembea, inakuja mpaka kwangu. Shuti likienda nje wanaguna. Kona ina sauti yake. Refa akikosea anatajiwa mama yake. Ikiwa penalti, watu wananyamaza mpaka unamsikia jirani akimeza mate."

Basi alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia mechi nzima, na hata mwenye macho yake angeisikia stori hiyo asingekuta kilichopungua. Siku ya mechi ndiyo siku aliyokuwa sawa na watu. Siku nyingine zote alikuwa mtu wa kushikwa mkono.

Kisha ligi ikaanza kuonyeshwa kwenye runinga, hata mechi za timu yetu, na mdogo wangu akafungua banda la kuonyesha mpira ng'ambo ya barabara, linatazamana na ukuta wa uwanja. Watu wakampa jina la Dishi. Ana viti vya plastiki, feni, soda baridi na runinga kubwa kama kitanda. Goli likifungwa linarudiwa mpaka ulichoke. Jukwaani nani akurudishie goli? Siwalaumu sana waliohamia kwake. Ile saruji inachoma makalio, na choo cha pale sitakizungumzia nikiwa bado nataka kula. Walianza kuhama wenye familia, wakafuata vijana, akafuata kinyozi wetu aliyekuwa hakosi mechi, na mpiga ngoma akaona anapigia hewa, akafuata na ngoma yake. Jukwaani wakabaki wazee wachache na Baba Pacha peke yake kwenye nguzo aliyozoea kuegemea.

Jumamosi moja alirudi anang'aa. Tumeshinda, mbili bila. La kwanza la kawaida, lakini la pili, Mama Pacha, la pili ni la maajabu. Mpira umewekwa kati kuanzishwa, mtu wetu kaunyang'anya hapo hapo, kaupiga kutoka katikati ya uwanja, kipa bado anajifuta jasho. Uwanja mzima ulilipuka. Alilisimulia lile goli hadi tunalala.

Kesho yake nikampeleka kunyoa, nikamwacha, nikapita dukani kununua nyuzi. Niliporudi, kicheko nilikisikia tangu nje. Watu wamevunjika mbavu, kinyozi ameweka mashine chini asije akamkata mtu. Baba Pacha yuko kwenye kiti na kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, na lile goli la katikati ameshalimwaga lote pale na chumvi amelitia. Nalo goli halikuwepo. Mechi iliisha moja moja.

Aliyetueleza ni Dishi, maana alikuwemo humo humo. Picha ya runinga yake inachelewa. Inapanda huko juu angani ndipo inamshukia yeye. Timu ilipofunga, wale wazee wachache jukwaani wakashangilia. Wachezaji wakakumbatiana, wakarudi, mpira ukawekwa kati. Wakati huo ndipo goli lilipofika bandani, na banda lote likalipuka ng'ambo ya ukuta. Mume wangu alishangilia goli moja mara mbili. Jirani yake wa pekee wa kumweleza alikuwa mzee aliyelala. La wageni lilipoingia mwishoni, jukwaani hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuguna, na mguno wa banda yeye aliudhani wa shuti lililotoka nje.

Baba Pacha alimaliza kunyolewa, akanishika bega, tukaenda nyumbani. Mlangoni akasema, "Mimi uwanjani basi."

Nilifikiri ni hasira za siku moja. Jumamosi iliyofuata nikamkuta amekaa kitandani na viatu vyake vya nyumbani, mikono mapajani. Nikamwambia asikilize redio. Akasema mtangazaji wa redio ana mechi yake kichwani. Dishi akaja mwenyewe, maskini, roho inamsuta, akampa kiti cha mbele bure. Baba Pacha akaenda mara moja tu.

"Shemeji, nakushukuru," alimwambia. "Lakini nasikia uwanjani wameshashangilia, na humu watu wametulia tu. Nimekaa na watu wanaoishi jana."

Akaacha kuuliza hata matokeo. Alikuwa analala mchana. Mtu wa kunisimulia akawa hana la kusimulia, na nyumba ikawa na kelele ya cherehani peke yake. Niliogopa, sitaficha. Nilimwona mume wangu anafungwa kidogo kidogo kama ile karakana.

Basi siku ya mechi iliyofuata nikafunika cherehani, nikamwambia, "Vaa viatu. Leo nakutazamia mimi."

"Wewe? Wewe unajua nini?"

"Nina macho, au huna habari?"

Tukakaa kwenye nguzo yake. Saruji inachoma vile vile. Mechi ikaanza, nami nikaanza.

"Yule mrefu kampa mwenye soksi zilizoteremka. Soksi zilizoteremka anakimbia. Kanyang'anywa."

"Na nani?"

"Na mmoja wa jezi ya kijani iliyopauka. Hiyo wameianika juani, kijani haianikwi juani."

"Mama Pacha, mpira uko wapi?"

"Unazunguka."

"Unazungukia wapi?"

"Baba Pacha, usinibane, naona kila kitu kwa wakati mmoja."

Wazee wa nyuma yetu walikuwa wameshaanza kucheka, na mume wangu naye mdomo ulikuwa unamcheza. Nikapata nguvu. Mara soksi zilizoteremka akapiga mpira kwa hasira, wavu ukatikisika. Mimi wavu ukitikisika najua ni goli, vinginevyo wameufunga wa nini? Nikasimama nikapiga ukelele wa goli. Na sauti yangu ndiyo iliyolea pacha. Nilikuwa nikiwaita kutoka mtaa wa tatu wanakuja. Wazee nao, ambao macho yao si ya kuringia, wakaniamini wakapiga kelele.

Mpira ulikuwa umegonga wavu wa pembeni, kwa nje.

Lakini ng'ambo ya ukuta tukasikia viti vinaburuzwa. Banda lote limesimama linasubiri goli lake, na mtu mmoja ameanza kuimba. Wakasubiri. Halafu picha ikawafika, tukasikia mguno mrefu wa watu waliodhulumiwa, na baada yake matusi. Baba Pacha alicheka mpaka akashika nguzo. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo kikubwa.

Mapumziko, Dishi huyo anakuja mbio.

"Dada, unaniharibia biashara. Watu wananiuliza goli liko wapi."

"Halikuwepo."

"Najua halikuwepo. Wao wamelisubiri. Wengine wanadai nimekata picha." Akamgeukia mume wangu. "Shemeji, nakuomba, sema na dada."

"Mimi na dada yako nilishanyoosha mikono siku ya harusi," akasema Baba Pacha. Kisha akainamisha kichwa, nikamwona anafikiri. Dishi alipoondoka akageuka nyuma. "Wazee wangu, hebu sogeeni hapa karibu."

Wakasogea. Akawapanga. Wewe na wewe mtakuwa upande wa kushoto, mnaanza chini chini, mnapanda. Mwenzangu hapa, wewe una kifua, wewe ni wa kuguna. Kona ni hivi, akawaonyesha, na mimi niliyeolewa naye miaka yote hiyo nikashangaa sauti zile alizihifadhi wapi. Alikuwa na jukwaa zima kichwani, limejaa mpaka ngazini.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe ni goli."

Kipindi cha pili timu yetu haikuwa na maajabu, hata mimi niliona. Mpira ulikwenda na kurudi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Lakini jukwaani kwetu ilikuwa moto. Baba Pacha alikuwa akinyanyua kidole, wa kushoto wanapanda, wa kulia wanapokea, mwenye kifua anaguna kana kwamba amepoteza mwana. Akanigusa, nikapiga ukelele wa goli. Bandani viti vikaburuzwa, wakasubiri, wakaguna. Akanigusa tena. Safari hiyo hawakuguna. Tukasikia mlango wa bati unafunguliwa.

Wakaanza kuchungulia getini. Kipindi cha pili geti letu huwa linaachwa wazi, mkata tiketi ameshakwenda zake. Wa kwanza kuingia alikuwa kinyozi, soda mkononi, uso wa mtu anayekuja kushtaki.

"Nyie mnashangilia nini huku?"

"Tulia utakijua," akajibu mwenye kifua.

Akakaa apate kutujua sisi ni wazima au vipi. Nyuma yake wakaja wawili, wakaja vijana, wakaja wengine na viti vyao vya plastiki kichwani wakiikwepa ile saruji, akaja mpiga ngoma. Wengi walikuja kututukana. Lakini mtu akishafika jukwaani na mpira uko mbele yake, matusi yanapata pa kwenda. Refa akapuliza filimbi isiyowahusu, akatajiwa mama yake na watu wengi kwa pamoja. Mwishoni akaja Dishi mwenyewe. Alikuwa amefunga banda. Akajibanza kando ya shemeji yake pale alipokuwa akikaa zamani.

Mimi nilikuwa sijaacha kazi yangu. Nimemshika mkono Baba Pacha, nampazia sauti sikioni juu ya kelele zote zile: mrefu kampa mfupi, mfupi kaanguka, kaptula imechanika mshono, kainuka, mwenye soksi kaupata, anakwenda, anakwenda upande ule wa—

Akaniwekea mkono kwenye goti, taratibu.

"Mama Pacha," akasema, "nyamaza kidogo, mke wangu. Natazama mpira."

Mimi sina tabia ya kunyamazishwa, waulize wote wanaonijua. Nilijisikia nimeachishwa kazi, na wakati huo huo nikafurahi. Nikanyamaza. Sikutazama tena uwanjani, nilimtazama yeye. Uso wake ulikuwa unageuka kushoto, polepole, kisha kulia, pamoja na nyuso zote za jukwaa.