Mdomo wa Anko Bedan

Beth hupima damu katika kliniki moja ya Ruiru, na amechoka kupanga nyumba za watu kule Gatongora. Alikuwa ameona nyumba ya vyumba viwili Mugutha, ndogo lakini jikoni kunaingia jua, na mshahara wake ungeiweza kama riba haitapanda. Hilo tu ndilo alilotaka kujua alipoenda Thika kwa mshauri wa mikopo ya nyumba.

Mama yake alikataa aende peke yake. Msichana ananunua nyumba na mwanamume hayuko, watu watamwonaje? Akampa anko Bedan, muuza nyanya, ambaye alikuja na kofia yake ya harusi na hakuuliza wanaenda wapi.

Mshauri aliitwa Kiama. Tai nyekundu, meza tupu, mkono mlaini kama mkate wa jana uliomwagikiwa chai. Aliushika mkono wa Bedan kwa mikono miwili.

"Karibu mzee. Kumbe tunatafutia msichana wetu nyumba?"

"Natafuta mwenyewe," Beth alisema. "Nauliza hivi, riba itakaa hapo hapo mpaka nimalize kulipa?"

"Mzee," Kiama alimwambia Bedan, "hizi nyumba zina tailsi mpaka chooni."

Beth akauliza tena. Kiama akamweleza mzee habari ya geti. Hata mtoto angekitegua kitendawili hicho: anaulizwa na sketi, anajibu suruali. Beth alimtazama vile hutazama damu iliyoganda kwa chupa, kitu cha kumwaga tu. Lakini jibu alikuwa nalo huyu huyu.

Akamwinamia anko wake. "Muulize wewe."

Bedan akakohoa. "Eti riba itakaa hapo hapo mpaka mwisho?"

"Hilo sasa ni swali la mwanaume." Kiama akasogeza kiti. "Mzee, wewe sitakuficha. Hiyo ni ya mwaka wa kwanza. Baada ya hapo benki inapandisha ikitaka. Ila usimwambie sana, hawa watoto huogopa bure."

Mtoto alikuwa hapo hapo, goti lake limegusa meza.

"Muulize wanaoshindwa hufanywa nini."

"Wanaoshindwa hufanywa nini?"

"Nyumba inauzwa, anapewa mwingine. Sisi hatukosi." Akacheka, akingoja mzee acheke.

Bedan akavua kofia. "Sasa nimwambie nini?" akamwuliza Beth.

Beth alilifikiria lile jua la jikoni kidogo, likamuuma. "Mwambie hatuchukui."

"Anasema hatuchukui."

"Mzee, si wewe ndiye mkubwa? Mwongeleshe."

"Mwongeleshe wewe. Ana masikio."

Ndipo Kiama akamgeukia Beth, kwa mara ya kwanza tangu waingie, na tabasamu la kuuza.

"Sasa dada, usikimbie. Ulisema unaitwa nani?"

Beth alikuwa tayari ameshika mlango.

"Muulize mzee," alisema, akatoka.