Raba Mbili Kizingitini

Kila asubuhi, kabla wanafunzi hawajafika, Naomie alinyunyiza maji barazani ili vumbi lilale, akafagia karakana ya baiskeli kuanzia ukuta wa nyuma hadi mlangoni, kisha akapanga mabenchi matatu yakatazama ubao. Jumanne hiyo fagio lilikwama kizingitini. Aliinama akaona raba mbili za breki ya baiskeli zimewekwa sambamba, kama viatu vya mgeni aliyekwisha kuingia ndani. Alipozigusa zilimuunguza. Zilinuka mpira uliosagika na ndizi mbivu.

Alizisukuma kwa fagio hadi ndani ya kopo tupu la maziwa, akamaliza kufagia.

Saa tatu habari ilishuka kutoka Bugarama. Mardochée, aliyemaliza mafunzo hapo wiki iliyotangulia, alikuwa akiteremka na mikungu minne ya ndizi nyuma ya baiskeli. Kwenye kona ya mwisho, pale ziwa linapojitokeza lote kwa mara moja, breki zake hazikushika kitu.

"Saa ngapi?" Naomie alimuuliza aliyeleta habari.

"Saa kumi na mbili na nusu."

Ndiyo saa aliyokuwa akifagia.

Mardochée alizikwa Jumatano. Baada ya maziko mjane wake, Rachelle, aliisukuma baiskeli hadi karakana, gurudumu la mbele limejikunja, akaiegemeza ukutani mbele ya watu waliokuwa wakingoja matengenezo.

"Alifunga feri, hizi breki, kama kitabu inavyosema," alisema. "Anakula, kitabu iko kando ya sahani. Mpaka nikamwambia, basi oa hiyo kitabu. Sasa mwalimu, niambie. Alikosea wapi?"

Naomie alizitazama breki. Raba hukaa ndani ya kijumba kidogo cha chuma, kilichozibwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili. Upande uliozibwa lazima utazame mbele, ili gurudumu likiivuta raba, ukuta uizuie isitoke. Vijumba vya Mardochée vilikuwa vitupu, na vyote vilielekeza mbele upande ulio wazi. Vilifungwa kwa ustadi. Hata nati zilikuwa zimepakwa mafuta, kama ukurasa wa nane ulivyoshauri.

"Mzigo ulikuwa mwingi," Naomie alisema.

Rachelle aliitikia kwa kichwa. Alishukuru, murakoze, akaondoka.

Kitabu kilikuwa cha Naomie. Alitoka chuoni na diploma ya ufundi na haya nyingi, na kwa kuwa hakuweza kusema mbele ya watu, Papa Cubaka, mkuu wa karakana, alimpa kazi ya kuandika badala ya kufundisha. Ilimchukua miezi miwili. Aliandika Kiswahili cha sokoni, na kila jambo akalichorea picha kwa ajili ya wasiojua kusoma. Picha zote zilitazama kushoto. Papa Cubaka akataka baiskeli ielekee kulia, isije ikaonekana inarudi nyumbani. Basi Naomie alibandika kila karatasi kwenye kioo cha dirisha, akainakili kwa nyuma. Moja aliisahau, ile ya ukurasa wa tisa iliyoonyesha breki peke yake, kwa ukubwa. Ilibaki ikitazama kushoto katikati ya kurasa zinazokwenda kulia, na mbele yake ikawa nyuma.

Nakala sitini zilikuwa zimekwisha kugawanywa Gatete, Magara na Bugarama.

Wiki iliyofuata raba zilikuja mara mbili. Jumatatu alikuwa mkulima wa Gatete, akavunjika nyonga. Jumatano alikuwa mchuuzi wa samaki wa Magara, ambaye hakuna aliyejua kama alivunjika kitu, maana ziwa lilirudisha kapu lake tu. Naomie aliuliza huku na huko, polepole, kama mtu anayetafuta sindano asiyotaka kuiona. Wale wavivu, waliofunga breki kama walivyozoea, walifika salama. Walioanguka walikuwa wasomaji.

Hakuna aliyeuliza raba zinafikaje. Généreuse, mwenye mashine ya fotokopi mlango wa pili, alitaka kujua tu kama zinaacha alama kwenye saruji. Papa Cubaka alizitoa koponi, akazibonyeza kwa kidole gumba.

"Raba nzuri kabisa hizi. Tuwafungie wanafunzi, wajifunzie."

Zikafungwa. Baiskeli za darasa zikaanza kunuka ndizi, na ile ya kona ikanuka samaki.

Jioni hiyo Naomie alimfuata ofisini, ukurasa wa tisa mkononi. Papa Cubaka aliitazama picha, akamtazama Naomie machoni, kisha akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Sikia, mutoto wangu. Ijumaa wageni wa shirika inayotusaidia wanakuja. Kitabu inaenda kando ya ziwa yote, mpaka kule kusini. Nakala elfu mbili, mashine ya Généreuse haijapoa tangu juzi. Ukisema sasa, darasa inafungwa. Hawa watu utawapeleka wapi?"

"Lakini Papa, picha..."

"Kitabu gani haina kosa? Tutarekebisha katika chapa ya pili. Mzigo ulizidi. Wewe mwenyewe ulimwambia mjane, watu wote wakasikia."

"Ndiyo, Papa," alisema Naomie. Aliukunja ukurasa, akatoka.

Ijumaa alifagia mapema. Raba zilikuwepo. Hizi zilikuwa na herufi H, imechongwa kwa kisu ubavuni. Ni Hakimu peke yake, mwanafunzi aliyebakiza wiki moja amalize, aliyechonga raba zake hivyo, kwa kuogopa wezi wa sokoni. Naomie alizifunga kwenye ncha ya kitenge, akakaa barazani kungoja habari. Saa tatu ilifika bila habari. Alifika Hakimu mwenyewe, akisukuma baiskeli kwa mkono mmoja, andazi kwenye mwingine.

"Amahoro, mwalimu. Sura gani hiyo? Kama umeniona nimekufa!"

Naomie alichungulia breki zake. Raba zenye H zilikuwa mahali pake, za baridi, na vijumba vilielekeza mbele upande ulio wazi. Zile za kwenye kitenge zilizidi kupata moto. Mara hii zilikuwa zimetangulia ajali.

"Unaenda wapi?"

"Bugarama, ndizi za karamu. Papa ametaka wageni wale vizuri. Saa nane niko hapa, sahani mkononi."

Wageni walifika Hakimu akingali barazani; walikuwa wawili, wapole, na kila mmoja alikuwa na daftari. Rachelle aliketishwa benchi la mbele, maana Papa Cubaka alitaka waone kwamba karakana haisahau watu wake. Katoni za vitabu zilikuwa zimekwisha kupakiwa kwenye kamioneti barabarani.

"Kitabu hiki hakina kosa," Papa Cubaka aliwaambia. "Aliyetuacha, Mungu amrehemu, alizidisha mzigo. Asingeanguka kama angefuata picha."

Wageni wakaandika. Rachelle aliinamisha kichwa, akaikunja mikono yake mapajani kama mtoto aliyekaripiwa.

"Naomie, mutoto wangu, wasalimie wageni. Maneno mawili tu, tunajua iko na haya."

Watu walicheka kwa upole. Nje kamioneti iliwaka, ikapiga honi mara moja, ikashika barabara ya kusini. Hakimu alikuwa mlangoni juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, akingoja kumsikia mwalimu wake kabla hajaondoka. Kitenge cha Naomie kilianza kutoa moshi. Généreuse aliuona, akasogeza karatasi zake.

Naomie alisimama. Alifungua ncha ya kitenge, akaziweka raba mbili mezani, sambamba. Rangi ya meza ikaanza kutokota, na mgeni aliyekuwa karibu akahamisha daftari lake.

"Hakimu, shuka," alisema.

Hakimu akashuka. Papa Cubaka alikohoa. Mlio wa kamioneti ulikuwa bado unasikika, ukififia kandokando ya ziwa. Naomie alimgeukia Rachelle.

"Uliniuliza alikosea wapi. Mardochée hakukosea. Alifunga kama nilivyochora. Mimi ndiye niliyechora kinyume."