Kopo la Halua

Jumapili ambayo Mzee Himid hakutokea, simu tatu zilikuwa zimeshafungiwa ndani ya kopo la halua kabla ya saa nane mchana, na aliyelifunga alikuwa Lawrence.

Hiyo ilikuwa sheria ya chumba kile, chumba cha nyuma ya duka la spea huko Ras Al Khor, Dubai, chenye televisheni kubwa, viti vinne visivyofanana na kiyoyozi kilichovuma kama mtu mwenye kikohozi. Sheria aliitunga Mzee Himid mwenyewe. Timu yao ilikuwa ya Marekani, ya ule mpira wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, na mechi zake zilichezwa wakati Dubai watu wamelala. Wao walizirekodi wakazitazama Jumapili mchana, siku ambayo wote walikuwa na mapumziko. Lakini kufikia asubuhi matokeo yalikuwa yameshazagaa kwenye kila simu. Basi Mzee Himid akaamua: Jumapili hakuna kugusa habari za mpira, na ukiingia chumbani simu unaizima na kuitia koponi. Ya kwake ilitangulia daima. Kifuniko hakifunguliwi mpaka mpira umalizike. Kopo lenyewe alilichukua jikoni kwa mkewe, Bi Mwatima, halua ilipokwisha, na kazi ya kulifunga na kulifungua akampa Lawrence, kwa kuwa alikuwa askari wa ulinzi na, alivyosema mzee, ndiye pekee kati yao aliyezoea kukataa watu.

Mpira huo Mzee Himid aliupata kwa mteja. Aliondoka Unguja kijana, akakaa Dubai zaidi ya miaka thelathini akiuza spea za magari ya Kimarekani, na mteja mmoja Mmarekani, siku ya kurudi kwao, alimwachia televisheni na jezi. Mzee akaanza kutazama kwa adabu tu, asije akaonekana hana shukrani. Baada ya msimu mmoja alikuwa hashikiki. Taib, mtoto wa kaka yake aliyefanya kazi naye dukani, akaingia kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia. Lawrence, Mkenya wa Nyeri, wakati huo alikuwa akilinda bohari la jirani, akaitwa chai akabaki. Hata kampuni ilipomhamishia lango la jengo moja kule Jumeirah Village Circle, aliendelea kupanda mabasi mawili kila Jumapili. Clifford, fundi wa viyoyozi, alikuja siku moja kutazama kile kilichokohoa, hakukitengeneza, na hakuondoka.

Kofia za wachezaji zilikuwa na picha ya ndege. Mzee alisema ni korongo, Clifford alisema ni bata. Timu wakaiita Korongo, kwa kuwa duka lilikuwa la mzee. Yule anayepanga mashambulizi na kurusha mpira, ambaye wenyewe humwita kwotabaki, mzee alikataa jina hilo. Alisema linamkwama kooni. Akamwita nahodha, na wote wakafuata.

Agosti ile ubishi wao wote ulikuwa juu ya goti la nahodha. Lilikuwa limepasuliwa baada ya msimu uliopita, na sasa zilikuwa zimefika mechi za maandalizi, zile zisizo na pointi ambazo kocha huzitumia kupima watu. Achezeshwe au apumzishwe? Mzee Himid alitaka achezeshwe japo robo moja ya mchezo.

"Injini ukiifungua ukaifunga upya, huipeleki Abu Dhabi siku ile ile," alisema. "Waizungusha kwanza hapa uani, uisikilize."

"Hilo ni goti, mzee, si gari," Clifford akamjibu. "Likikatika tena, spea utatoa wapi? Utaagiza Sharjah?"

Taib kawaida alikuwa upande wa yeyote aliyekaribia kushindwa, ili ubishi usiishe. Lawrence alikuwa msikilizaji. Ukutani mzee alibandika kipande cha boksi la breki, na juu yake aliandika majeruhi wote wa Korongo: jina, mahali palipoumia, mwezi wa kurudi. Mtu akipona, alimkata kwa kalamu nyekundu, kwa raha, kama aliyempasua ni yeye.

Jumapili ile, basi, ilifika saa nane na mzee hajaja. Ikafika na robo. Hakuwa mtu wa kuchelewa. Clifford alisema wafungue kopo wampigie. Lawrence akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Sheria ni yake," alisema. "Tukiwasha simu tu, matokeo yanaingia. Akija akute tumeshajua, patakalika hapa?"

Clifford akacheka, akakaa. Saa nane na nusu waliwasha mpira. Nahodha alichezeshwa robo moja, kama mzee alivyotaka, na goti likashika. Alasiri Taib alitoka akaenda kuswali msikiti wa nyuma, na Lawrence akaisimamisha picha wakimngoja, nahodha akiwa ameinua mkono hajaurusha mpira. Taib aliporudi alisema ami yake sasa atawasumbua mwezi mzima kwa goti lile. Walicheka. Lawrence alikuja kulikumbuka cheko lile kuliko mengine yote.

Saa kumi na moja alifungua kopo. Simu zilipowaka zilianza kutetemeka mezani moja baada ya nyingine, zikisogea zenyewe. Bi Mwatima alikuwa amempigia Taib mara kumi na tisa, Lawrence mara kumi na moja, Clifford mara sita. Kulikuwa na ujumbe wake mmoja kwa wote, kwamba Himid kaanguka, wako hospitali, waje. Chini yake, kwenye simu ya Taib, kulikuwa na ujumbe wa binti wa mzee, Kawthar, uliotumwa saa kumi na dakika kumi, na huo haukuwa unamwita mtu aje kusaidia.

Kutoka dukani hadi Silicon Oasis, mzee alikokuwa akiishi, ni mwendo wa robo saa.

Hospitali walimkuta Bi Mwatima ameketi kwenye kiti cha plastiki ukumbini, viatu vya mumewe vimo kwenye mfuko mapajani mwake. Taib aliingia ndani. Clifford akaenda kutafuta maji. Akabaki Lawrence, amesimama.

"Nilikupigia," Bi Mwatima alisema.

"Simu ilikuwa imekwisha chaji, mama."

Alimtazama kidogo. Kisha akaitikia kwa kichwa. "Haya, baba," alisema.

Mazishi yalikuwa kesho yake, makaburi ya Qusais, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Baada ya hapo Bi Mwatima akakaa eda, miezi minne na siku kumi, na mlango wa mjane aliye edani haugongwi na wanaume wa nje. Lawrence aliona hiyo ni nafuu, akajionea haya kwa kuiona hivyo. Alijiambia eda ikiisha ataenda. Eda ikaisha, ukaingia Ramadhani, naye akajiambia asiende kusumbua watu waliofunga. Ikaja Idi, likaja joto. Kila alipokaa langoni pale kazini, akifungulia magari ya wapangaji, alirudia lile jibu lake moja na kulitafutia lingine la kuweka mahali pake. Alichoka nalo. Hakuwa analala vibaya wala hakuwa anaumwa. Alikuwa amechoka tu, uchovu ambao siku ya mapumziko haikuupunguza.

Msimu mzima wa Korongo ulipita bila wao. Taib alizirekodi mechi zote kwa mazoea na hakuna aliyezitazama.

Agosti ilipofika tena, Clifford ndiye aliyeanza. Alituma sauti kwenye kundi lao la simu: nahodha safari hii kifundo cha mguu, kocha kasema hatamchezesha mechi hata moja ya maandalizi, na yeye Clifford anaunga mkono mia kwa mia. Taib alijibu baada ya siku mbili, kwamba ami angesema injini izungushwe. Clifford akajibu kwamba ami angekosea. Yalikuwa maneno yale yale, lakini hayakushika moto. Walikuwa kama watu wanaosukuma gari lisilowaka, kila mmoja akingoja mwenzake aseme basi. Lawrence alisikiliza zile sauti zote akiwa langoni, na hakuandika kitu. Hata hivyo walikubaliana Jumapili, saa nane.

Alhamisi Bi Mwatima alimpigia. Lawrence aliliona jina, akaiacha simu ilie mara tatu kabla ya kupokea.

Alimwuliza hali yake, na ya mama yake kule Nyeri, bila haraka. Kisha akasema amesikia wanaanza tena mpira wao. "Kabla hamjaanza nataka kopo langu," alisema. "Uniletee weye. Si Taib."

Jumapili asubuhi Lawrence alipitia dukani. Taib alimfungulia, akamwachia chumba. Kopo lilikuwa juu ya televisheni, na ndani mlikuwa na misumari miwili na risiti. Ukutani orodha ya majeruhi ilikuwa bado ipo, kwa mwandiko wa mzee. Jina la nahodha lilikuwa la kwanza: goti, Septemba. Lilikuwa limepona, yeye mwenyewe alikuwa ameliona likipona katika chumba hiki hiki, ila hapakuwa na aliyemkata. Kalamu nyekundu ilikuwa imening'inia kwa uzi. Lawrence aliishika, akaiacha.

Kawthar ndiye aliyemfungulia mlango kule Silicon Oasis. Alileta kahawa na tende, akaketi karibu na mama yake. Bi Mwatima alikuwa amepungua mwili. Lawrence alisema shikamoo, akaliweka kopo mezani, na hakuligusa tena.

Maneno aliyokuwa ameyapanga kwa mwaka mzima hayakuja, kwa hiyo akayasema mengine. Alisema simu haikuwa imekwisha chaji. Ilikuwa imezimwa, imo ndani ya kopo hili. Clifford alitaka kulifungua saa nane na robo ili wampigie mzee, na yeye ndiye aliyekataa. Wangefungua wangefika. Mzee alikuwa bado hai.

Kawthar aliinamia kikombe chake. Bi Mwatima alinyoosha mkono akalivuta kopo, akalifungua, akatazama ndani, akalifunga.

"Nilijua," alisema. "Kopo ni langu, sheria nazijua. Alikuwa keshavaa jezi yake anatafuta funguo, ndipo akaanguka. Walipokuja wa ambulensi nikakaa naye nyuma, nikawa napiga. Nilijua mmezima. Nilijua hamtapokea mpaka saa kumi na moja. Lakini mikono yangu ilitaka kazi, Lawrence. Ningeiweka wapi?"

Lawrence alikisogeza kikombe chake pembeni.

"Mngekuja mngefanya nini? Madaktari wenyewe hawakufanya kitu. Hilo sikukuwekea moyoni hata siku moja." Alipangusa kifuniko kwa ncha ya mtandio. "Lile la chaji ndilo nililokuwekea. Siku ile niliyokuwa na viatu vyake mapajani, mtu wa kwanza kusema nami akanidanganya. Na alikuwa weye, uliyepewa kopo ulishike. Nikasema atarudi aniambie. Nikamaliza eda, hukuja. Nikasema Idi atakuja. Hukuja."

"Niliogopa, mama."

"Najua uliogopa. Mie pia nilikuwa naogopa, na nilikuwa peke yangu."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetua mfuko alioubeba kutoka sokoni. Lawrence aliomba radhi, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. Bi Mwatima alisema haya, yamekwisha, anywe kahawa inapoa. Kisha akauliza nahodha wao anaumwa nini mwaka huu. Lawrence akamweleza habari ya kifundo, na ya kocha, na ubishi wa Clifford.

"Himid angesema achezeshwe," alisema Bi Mwatima.

"Ndiyo. Japo robo moja."

"Alikuwa hajui lolote yule," alisema, na Kawthar akatabasamu, wa kwanza kutabasamu asubuhi ile.

Alipoinuka kuondoka, Lawrence alilitazama kopo. Bi Mwatima alilisogeza upande wake wa meza. Alisema halirudi Ras Al Khor. Na Jumapili, kabla hawajawasha mpira, yeye Lawrence awe anampigia, amwambie wamefika wangapi.

Saa nane kasoro dakika tano alimpigia. Alimwambia wako watatu, na kiti cha nne kipo. Halafu aliichukua ile kalamu nyekundu, akalikata goti la nahodha ukutani, na Clifford akaandika chini yake kifundo cha mguu, kwa mwandiko wake mbaya. Walipokaa, Taib alitoa simu yake mfukoni, akatazama huku na huku asijue pa kuitia, akaiweka mezani ikiwa imewaka. Clifford akaweka ya kwake. Lawrence akaweka ya kwake.

Kopo sasa liko jikoni kwa Bi Mwatima, anatilia karafuu. Simu hubaki mezani zikiwa zimewaka, na Jumapili nyingi wanayajua matokeo kabla mpira haujaanza.