Vidato Vinne

Ngazi ya chumba cha mazoezi ilikuwa na vidato vinne vya kupanda na vinne vya kushuka, na haikuelekea popote. Fundi cherehani aliitazama kwa dharau. Pochini mwake mlikuwa na fomu ya upasuaji iliyobakiza sahihi tu. Daktari hakumung'unya maneno: gegedo, ule mto laini wa goti, limelika. Akitaka goti la bandia, Jumatatu kitanda kipo. Akitaka mazoezi, ni miezi mitatu ya jasho, na huenda yasifue dafu.

"Haya mama, panda," alisema mtaalamu wa mazoezi. Alikuwa kipofu tangu utotoni. Wagonjwa wake aliwahesabia vidato kwa masikio.

Fundi alipanda, goti likilia kama bawaba kavu. Akamkumbuka dada yake, waliyeshona naye chumba kimoja miaka ishirini na mitano, goti bovu lile lile, ubishi ule ule. Dada hakuwa mtu wa kungoja. "Mazoezi ni ya watoto wa shule," alicheka, akaenda kwenye kisu. Upasuaji wenyewe ulifana. Siku ya tatu damu iliganda mguuni, ikapanda kifuani, akazikwa na goti jipya kabisa. Tangu hapo mdogo mtu alikiogopa kisu, na akaona haya kukiogopa.

"Nane," alisema mtaalamu.

"Nne, mwanangu. Nimepanda vinne."

"Wewe vinne, mwenzio vinne. Si mmekuja wawili?"

Chumbani hamkuwa na mtu mwingine, na mlango ulikuwa umefungwa. Fundi alishuka upesi, nywele zimemsisimka. Alipokwisha kufika sakafuni, mbao zililia tena nyuma yake, kidato kwa kidato.

"Huyo wa pili," aliuliza, "anachechemea?"

"Hata kidogo. Anatembea vizuri mno, kama msichana."

Wivu ulimchoma kabla ya hofu. Goti lisilouma! Sahihi moja tu, na Jumatatu haikuwa mbali.

Hatua zikarudi kupanda. Kidato cha juu kikalia mara moja, kikanyamaza. Kuna mtu alisimama pale akimngoja, na dada hakuwa mtu wa kungoja.

Fundi alishika kishikio cha ngazi, akainua mguu mbovu.

"Tangulia tu, dada," alinong'ona. "Mimi nitakuja polepole."

Mtaalamu alitega sikio kidato cha kwanza kilipolia.

"Moja," alisema.