Matusi ya Jumamosi

Bi Asmahani alikuwa amebakiza hatua moja tu kuingiza kingi alipotolewa mchezoni.

Ubao wa drafti ulizimika kwenye kioo cha kompyuta, yakatokea maandishi mekundu: UMEFUNGIWA. UMEKIUKA KANUNI. Aliyasoma mara mbili kwa sauti, kidole kikifuata herufi kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, kisha akageuka.

"Bertha, mwanangu, hebu njoo. Wamenifukuza huku, na kingi chenyewe kiko mlangoni!"

Bertha alikuwa mpiga chapa wa kiwanda cha kamba mpaka kilipobinafsishwa na watu wakapunguzwa. Kiinua mgongo chake alikigeuza kompyuta nne, akazipanga kwenye chumba kimoja pale mtaa wa Usagara, akaandika mlangoni INTANETI. Bi Asmahani naye alikuwa msokotaji wa kamba kiwanda hichohicho. Na aliyekuwa akicheza naye, Mzee Eliudi, alikuwa fundi wa mashine palepale. Miaka kumi na minane walicheza drafti saa ya chakula, kwa visoda, juu ya boksi la kadibodi.

Kazi ya kiwandani ilipokwisha, Eliudi alirudi kwa wazee wake, kijiji cha ndani huko Tabora kisichofikiwa na simu. Lakini kila Jumamosi mwanawe Manase, karani wa mjini, humleta kwenye kompyuta, na Bi Asmahani naye hutoka Makorora kwa miguu hadi kwa Bertha. Hukutana kwenye Jamvi la Drafti, kijiwe cha mtandaoni kilichoanzishwa na Waswahili wanaoishi ughaibuni. Wawili hucheza, wengine hutazama, na pembeni pana nafasi ya kuandikiana maneno.

"Leo ulimwandikia nini?" Bertha aliuliza, akivuta kiti.

"Maneno yetu ya siku zote. Ameniambia Ijumaa anapasuliwa tumbo. Nikamwambia kufa upesi, we mzee mzigo, pilau ya matanga yako nishaionja ndotoni, na jeneza lako nimelipata, kwa sasa nimelifanya banda la kuku."

Bertha alijishika mbavu. "Akasemaje?"

"Alicheka! Ha ha ha, mstari mzima. Halafu ndiyo giza."

Bi Asmahani ni Mzigua wa Ushongo, Eliudi ni Mnyamwezi, na makabila hayo yana utani tangu mababu zao walipokutana njiani na mizigo kichwani. Mtani humtukana mtani, humnyang'anya kofia, humzika angali hai, na anayetukanwa hana ruhusa ya kununa. Hayo Bertha aliyajua. Alichokuwa hakijui ni kwa nini Bi Asmahani ameacha kucheka.

"Bertha, yule mtu anaogopa. Hakusema, lakini namjua. Mgonjwa akiona hata mtani wake kanyamaza, anajua hali yake ni mbaya. Mpaka Ijumaa nisipomtukana, ataingia kwenye kisu akijua nimekwisha kumlilia."

Waliwaandikia wanaolinda Jamvi barua palepale. Jumapili jibu lilikuja: *Umefungiwa kwa kukiuka kanuni. Uamuzi ni wa mwisho.*

"Kanuni gani?" Bi Asmahani aliuliza.

Bertha alizitafuta kanuni za Jamvi. Ilikuwa moja: *Kuwa na adabu.*

Mwingine angekasirika. Bi Asmahani alishikwa na hamu ya kujua. Jioni ile akimenya mihogo alikuwa akijiuliza: huyo aliyenifungia ni mtu au mashine? Kama ni mtu, anakaa wapi, na ananionaje mimi niliyeketi Usagara? Aliona neno gani likamchoma? Binti yake alimsemesha mara mbili bila kusikia, akamwambia, "Mama, muhogo huo umebaki mzizi."

Jumatatu alirudi kwa Bertha, akamtajia aandike maneno aliyokuwa ameyatunga njiani.

*Kwako unayelinda Jamvi. Shikamoo kama umenizidi, na kama hukunizidi basi salamu tu. Sikuandikii kugomba. Naomba kujua mambo matatu: ni neno lipi nililosema, ni kanuni ipi inayolikataza, na ni nani aliyeamua. Hata kuku husomewa bismillahi kabla ya kisu. Mimi Asmahani, bibi wa wajukuu saba.*

"Hapo kwenye kuku niache?" Bertha aliuliza.

"Paache. Hapo ndipo penyewe."

Jibu lilifika Jumanne, refu. Bertha alilichapisha kwenye karatasi ili Bi Asmahani alisome mwenyewe, taratibu, miwani ikiwa puani.

*Shikamoo Bi Asmahani. Naitwa Suhaila, ndiye niliyekufungia. Nilizaliwa Pemba lakini nimekulia huku kwenye baridi. Tuko watatu tunaolinda Jamvi, kwa kujitolea. Hatusemi sababu kwa kuwa wakorofi wakishajua mpaka ulipo, huja kusimama juu yake wakatoa kidole kimoja nje. Ila kuku wako ameninyima usingizi. Basi maneno ni haya: kufa upesi, na jeneza nimelipata. Mzee Eliudi hakulalamika. Aliyelalamika ni mtazamaji mmoja, aliandika kwamba kuna mzee mgonjwa anaombewa kifo mbele ya watu na hakuna anayemtetea. Nilisoma, nikafunga. Sikumuuliza mtu.*

"Mchongezi!" Bertha alisema. "Ana haja gani na ya watu?"

Bi Asmahani aliisogeza karatasi karibu na miwani. Aliurudia ule mstari wa mtazamaji, akauweka kidole chini yake.

"Usimtukane, Bertha. Hamjui Eliudi hata kwa sura, na amesimama kumtetea. Siku hizi nani anamsimamia mzee asiye wake? Mungu amlipe."

Alikunja karatasi, akaikunjua tena. Akili yake ilikuwa imekwenda Ushongo, kwenye msiba wa shangazi yake, alipokuwa msichana. Mtani mmoja wa Kinyamwezi aliingia uani, na kabla hajagusa kitu chochote alipaza sauti: "Mtani nimeingia! Mimi mtani wa marehemu!" Ndipo alipokwenda kuiteka sufuria ya wali na kulala mlangoni ili maiti isitoke mpaka apewe chochote. Wageni waliotoka mbali walicheka na kulia pamoja. Asingejitangaza, wangempiga.

"Bertha, kumbe na mimi nina langu," alisema pole pole. "Kule kiwandani nani hakujua kwamba mimi na Eliudi ni watani? Hata meneja alijua. Lakini Jamvini watu hawanijui. Nimeingia na matusi bila hodi, kama mwizi wa msibani. Yeye kanifungia bila kuniambia, na mimi nimetukana bila kuwaambia."

Akamwandikia Suhaila hivyo hivyo, akamweleza utani ni nini, kisha akamalizia: *Usichukue neno langu tu. Muulize Eliudi mwenyewe, njia ya kumpata unayo, mimi sina. Na huyo aliyeshtaki mfikishie ahsante yangu. Ila fanya upesi, mama, kabla ya Ijumaa.*

Jumatano Bi Asmahani alikuja, akakaa mpaka Bertha akafunga. Hapakuwa na kitu. Bertha alimsindikiza hadi njia ya Makorora, akabeba kikapu chake bila kuombwa.

Alhamisi adhuhuri, hata Bi Asmahani hajakaa vizuri, Bertha alimwita kwa kelele.

*Bi Asmahani,* aliandika Suhaila, *nilimwandikia Manase, akampelekea baba yake wodini. Nakunakilia alichojibu, sijaondoa neno:*

*"Mwambieni huyo bibi kizee wa Kizigua, aliyebakiwa na meno mawili na yote ya kuazima, kwamba kujificha hakutamwokoa. Nitakufa siku nitakayomla kete zote, na kwa uchezaji wake ni karibu. Mfungulieni upesi. Nimelazwa hapa tangu jana, kila anayeingia ananipa pole. Hakuna hata mmoja wa kunitukana, na nimeanza kuogopa."*

Bi Asmahani alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya khanga. Ilichukua muda kupanguseka.

"Endelea, mwanangu."

*Kwa kanuni yetu, huyu naye ningemfungia,* barua iliendelea. *Tumekaa sisi watatu tukazungumza. Mmoja bado anasema tunawafungulia njia wakorofi, na huenda ni kweli, tutaona. Lakini kuanzia leo atakayefungiwa ataambiwa neno alilosema, kanuni inayolikataza, jina la aliyeamua na pa kukatia rufaa. Na juu ya kila ubao tumeweka mstari ambao wachezaji wataujaza wenyewe, ili mtazamaji awajue. Wenu uko wazi. Karibu ndani, bibi.*

Bertha alifungua Jamvi. Ubao ulikuwa vilevile, kete pale pale zilipoachwa Jumamosi. Kwenye mstari wa juu Bi Asmahani aliandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi: MIMI NI MTANI WAKE TANGU MABABU.

Pembeni mtu aliandika: *Samahani bibi. Ni mimi niliyeshtaki.*

*Usiombe samahani,* alijibu. *Siku nikitukanwa mimi na asiye mtani, ushtaki vivyo hivyo.*

Kisha Manase akaingia. Alikuwa kwenye kompyuta jirani na hospitali, akiwa na karatasi ya kuandika maneno na hatua za kete ili ampelekee baba yake. *Shikamoo mama. Mzee anauliza una la kusema, au umekimbia.*

"Tumwambie nini?" Bertha aliuliza.

Bi Asmahani alifikiri, akatabasamu, akaandika: *Kuku wametotoa ndani ya jeneza na hawataki kutoka. Kwa hiyo itabidi usubiri.*

Kisha akaitazama kete yake iliyosimama mlangoni mwa kingi.

"Si umwachie leo?" Bertha alinong'ona. "Mtu anapasuliwa kesho."

"Nikimwachia, atajua naogopa."

Akaisukuma kete ndani. Kisha akavua miwani akaipangusa tena, lakini hilo Jamvini halikuonekana.