Mzee Sheikhan Ndani ya Boneti

Khalil hakuwa na nywele utosini. Hakuwa na mahali pa kudumu pa kuegesha gari Kariakoo, wala mke anayecheka vichekesho vyake, na tangu wamzike baba yake mwezi wa Shaabani hakuwa na kimya ndani ya gari. Aibu pia hakuwa nayo, lakini hiyo hakuwahi kuitafuta.

Jumatatu asubuhi alilipeleka gari mtaa wa Gerezani, kwenye gereji ya fundi Bushiri.

"Mkanda wa feni unalia," alisema.

Bushiri alifungua boneti, akawasha injini, akatega sikio. Mkanda ulilia kidogo kama mikanda mingine, kisha ukasema kwa sauti ya marehemu Mzee Sheikhan: "Fremu ya pembeni ni ya Hamdiya."

"Huyu mzee wako," alisema Bushiri.

"Najua ni nani. Nauliza kifaa gani kimekufa."

Ni kweli kwamba mzee, akiwa hai, alimpa binti yake Hamdiya fremu moja kati ya maduka yake mawili ya Mtaa wa Sikukuu, mbele ya majirani. Ni kweli pia kwamba Khalil aliipangisha kwa muuza kava za simu, na dada yake sasa anauza kashata kwenye ngazi za ghorofa, Upanga.

Bushiri alichukua chupa ya maji. Mafundi huunyunyizia mkanda maji unapozunguka: kelele ikikatika, umechakaa; ikizidi, umelegea. Akanyunyiza. Mzee akakohoa, akashukuru, akaendelea kwa sauti safi zaidi, sasa akitaja na majina ya mashahidi.

"Umelegea," alisema Bushiri, akaukaza. Mzee akapandisha sauti. Bushiri akazima injini, akafunga mkanda mpya kutoka kwenye pakiti, akawasha tena. Mzee akahamia humo kabla haujapata joto.

Agnesi, mama lishe wa gereji, alipita na sinia la chapati. "Shikamoo, Mzee Sheikhan!"

"Marahaba, mwanangu," mkanda ulijibu. "Fremu ya pembeni ni ya Hamdiya."

"Tunajua, mzee. Kaka, si umpe tu dada yako?"

"Wewe uza chapati."

Bushiri alifuta mikono. "Gari ni zima, bosi. Mgonjwa ni mwenye nalo."

"Hakuna njia nyingine?"

Ilikuwepo, ile wanayotumia madalali siku ya kumwonyesha mteja gari bovu. Bushiri alikata kipande cha sabuni ya mche, akakisugua ubavuni mwa mkanda unaozunguka. Mzee alifika "Fremu ya pem—", akajaa povu, akanyamaza.

"Haitakaa wiki," Bushiri alionya.

"Nipe mche mzima."

Khalil aliegemea madigadi, akaandika barua kwa mkono, maana namba ya dada yake alikwisha kuifungia kwenye simu tangu arobaini ya mzee. *Dada mpendwa, leo nimekaa na Baba tukazungumza kuhusu fremu. Ameridhika, hakuongeza kitu.*

Akailamba bahasha, akaikandamiza juu ya boneti ya moto mpaka gundi ikashika, akampa bodaboda aipeleke Upanga.