Mbegu za Mvunguni

Kijiji kizima cha Theta kilijua kwamba Njambi hatupi mbegu. Ukipanda sukuma na pakiti ikabaki nusu, ulimpelekea yeye. Aliianika kivulini siku tatu, akaifunga kwa karatasi, akaandika aina, mwezi na mwaka, kisha akaitia kwenye chupa ya kioo yenye majivu makavu chini na kubana kifuniko. Chupa zililala mvunguni mwa kitanda chake, juu ya simiti baridi, ndani ya sanduku la bati lenye kufuli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Njambi alikuwa ameinama kwa miaka kumi na mmoja, tangu kikundi cha akina mama kilipomkabidhi ufunguo. Mwenyekiti alipigiwa kura kila Januari. Mtunza mbegu hakuwahi kupigiwa kura na mtu, na Njambi alipopita njiani, shingo yake iliyonyooka ilikukumbusha hivyo.

Mwaka huu kura zilimleta Ngendo, mwanamke wa maneno mengi na hasira za karibu. Mwisho wa Agosti, kikundi kilipokutana kupanga vitalu vya mvua za Oktoba, alisimama kabla hata chai haijamiminwa.

"Mimi nasema hivi, hizo mbegu za zamani tutupe zote, tununue mpya. Dhania yangu ilikataa kuota, hata moja! Hizo vitu zimeexpire."

Sasa, mbegu hiyo ya dhania ilikuwa imekaa mwaka mzima kwenye rafu juu ya jiko la Ngendo mwenyewe, ikila mvuke wa githeri. Mvunguni mwa Njambi haikuwahi kufika. Njambi angesema hayo tu na kuketi, na mambo yangeishia hapo. Lakini aliyeguswa kidonda haongei kwa vipimo.

"Ngendo, akiba haiozi," alisema. "Nitapima kila aina iko kwa hiyo sanduku. Aina moja tu ikikataa kuota, nawarudishia ufunguo, mtafute mtu mwingine."

"Haiya!" wanawake wakasema kwa pamoja. Wakapeana wiki mbili.

Sandukuni mlikuwa mmebaki aina nne: mchicha wa terere, mboga ya managu, nyanya na vitunguu. Njambi alihesabu mbegu kumi kumi, akakata fulana kuukuu vipande vinne, akavilowesha na kuviviringisha na mbegu zake ndani. Baridi ya Agosti ilikuwa bado imekaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga, na mbegu haziamki kwenye baridi. Kwa hiyo akafanya kama mama yake alivyokuwa akifanya: akaufunga mzigo tumboni chini ya sweta, akatembea nao mchana kutwa, akiulowesha asubuhi na jioni.

Siku ya tatu Lynn, mke wa mwanawe Githae, alirudi kutoka dukani akijizuia kucheka.

"Mum, watu wameona hilo tumbo, wananiuliza kama nangoja shemeji."

"Waambie ni wanne," Njambi akajibu, akaendelea kuchambua maharagwe.

Siku ya nne terere ilitoa mizizi, mbegu zote kumi. Siku ya nane nyanya zikaota tisa, nyanya za miaka minne! Siku ya tisa managu yakafuata, kumi kamili. Njambi alimwita Lynn aone, kisha akamwita tena aone vizuri.

Vitunguu havikuota. Siku ya kumi hakuna, ya kumi na mbili hakuna, ila mbegu kumi nyeusi zilizoanza kulainika na kunuka. Karatasi ilionyesha zimekaa miaka mitatu. Njambi alijua tangu zamani kwamba mbegu ya kitunguu haina subira: mwaka mmoja, ikibahatika miwili. Lakini chupa ile ilikuwa imejaa, na kila alipotaka kuimwaga mkono ulimkatalia. Aliona aibu, tena aibu ya mtu aliyejitakia.

"Si uache hiyo moja nyumbani?" Lynn akamwambia kwa upole. "Hakuna mtu amewahi kuhesabu chupa zako."

Njambi alikiviringisha tena kile kitambaa. Alhamisi ya mkutano ilipofika alifunga vitambaa vyote vinne tumboni, bila kujua atafungua vingapi.

Alifungua vitatu. Wanawake walipoona mizizi ile myeupe imesimama, walipiga vigelegele vya ngemi hadi mbwa wa jirani wakabweka. Ngendo alivaa miwani, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Halafu, kwa kumsifu, akanyoosha mkono.

"Mama Githae, nimeshindwa. Wacha nikwambie ukweli, nimeshindwa. Sasa nigawie mbegu ya vitunguu kwanza, nishalima robo ekari nzima."

Kitambaa cha nne kilikuwa bado tumboni pa Njambi. Hakuna aliyeuliza kuhusu aina ya nne. Angeweza kusema vitunguu vimekwisha, akarudi nyumbani na sifa zake zote. Lakini kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amemdanganya mtu kuhusu mbegu hata siku moja, na hakuwa na nia ya kujifunza leo, uzeeni. Akaingiza mkono chini ya sweta, akafungua kitambaa cha nne mezani.

"Hizi zimekufa," alisema, mgongo umenyooka. "Zote kumi. Ukipanda, utamwagilia mchanga mpaka Krismasi. Nunua mpya."

Akaweka ufunguo kando ya kitambaa.

"Nilisema aina moja. Ni hiyo."

Ngendo aliutazama ufunguo, akazitazama mbegu zilizooza, akavua miwani. Kisha akafungua mkoba wake na kutoa pakiti mbili zilizokunjwa nusu, sukuma na karoti, zimefungwa kwa raba. Akaziweka juu ya ufunguo, akavisukuma vyote pamoja mbele ya Njambi.

"Nilibakisha Machi," alisema kwa sauti ya chini. "Zitakaa miaka mingapi?"

Njambi aliokota ya karoti, akaitikisa karibu na sikio, akaiminya kwa vidole.

"Kwangu, sukuma minne, karoti mitatu," alisema. "Kwa mkoba wako, Mungu ndiye anajua. Lete, nizipime kwanza."